Kustahimili ni Kubeba: Asili ya Maneno Yetu ya Kuvuka Dhiki

Msibani hakuna anayemwambia mfiwa astahimili. Tunamwombea subira: "Mwenyezi Mungu awape subira," tunasema, tukishika mkono na kusogea kumpisha anayefuata. Bwana shamba anayeeleza sifa za mbegu hasemi kwamba mahindi yake yanasubiri ukame. Anasema yanastahimili ukame. Na bibi harusi anayeagwa kwao, akikalishwa chumbani na mashangazi na somo wake, neno atakalolisikia kuliko mengine yote si subiri wala stahimili. Ataambiwa: mwanangu, vumilia.

Ukifungua kamusi, mara nyingi maneno haya matatu hufafanuliwa kwa kupokezana. Subira ni uvumilivu, uvumilivu ni ustahimilivu, na ustahimilivu unakurudisha kwenye subira. Lakini sikio la mzungumzaji halichanganyi. Linajua lipi ni la msibani, lipi ni la shambani na lipi ni la chumbani kwa bibi harusi, kwa sababu kila neno lilikuja na picha yake, na picha hizo zinaendelea kufanya kazi chini kwa chini. Nataka kuzifungua, maana naona tumeanza kuyatumia maneno haya kana kwamba yote yanamaanisha kunyamaza. Hakuna hata moja ambalo asili yake ni kunyamaza.

Ukoo wa mzigo

Naanza na stahimili, lenye ukoo mkubwa kuliko yote. Mzizi wake ni herufi tatu za Kiarabu, h-m-l, na maana yake ya msingi ni kubeba. Kubeba hasa: mzigo kichwani, begani, mgongoni, tumboni. Kutoka kwenye mzizi huo Kiswahili kilipokea familia nzima, na wanafamilia wametawanyika kiasi kwamba tumesahau kuwa ni ndugu. Hamali ni mchukuzi, mtu anayekula kwa mabega yake. Himila ni mzigo, na pia ni mimba. Kuhimili ni kubeba uzito bila kuvunjika. Mhimili ni nguzo au boriti inayoshikilia jengo, na ndiyo maana Bunge, Serikali na Mahakama huitwa mihimili mitatu ya dola, na katika darasa la jiografia dunia huzunguka kwenye mhimili wake.

Halafu kuna ile sta- ya mwanzo. Inatokana na umbo la kitenzi cha Kiarabu linaloanza na ista-, ambalo mara nyingi lina maana ya kutaka au kuomba jambo. Tunalo kila siku katika astaghfirullahi, yaani naomba msamaha wa Mwenyezi Mungu. Mabaki yake yamo pia katika starehe, stahi na staarabu. Kwa umbo lake, basi, stahimili inaelekea upande wa kukubali kubeba, kuweka mabega tayari. Kiswahili kina kitenzi chake cha asili kinachoikaribia sana maana hiyo: kujitwika.

Anayejua kubeba anajua kwamba mzigo una hatua. Mtazame mama anayejaza ndoo ya lita 20 bombani. Kwanza anasokota kanga iwe ngata, anaiweka utosini. Ndoo ile ina kilo 20 na ushei, na hawezi kuipandisha peke yake bila kumwaga nusu, kwa hiyo anamgeukia aliye nyuma yake kwenye foleni: "Dada, nitwishe." Wanashika huku na huku, inapanda, maji yanacheza kidogo kisha yanatulia. Akifika nyumbani anahitaji tena mtu wa kumtua. Kustahimili kuko hapo katikati: shingo iliyonyooka, hatua fupi, mkono mmoja ukingoni. Kabla yake kuna msaada na baada yake kuna msaada. Tanzania ilipotafuta kaulimbiu ya miradi ya maji vijijini, haikusema wanawake wahimizwe kustahimili ndoo. Ilisema kumtua mama ndoo kichwani, na ninaiona kuwa mojawapo ya kaulimbiu zilizoelewa Kiswahili vizuri kuliko nyingine nyingi.

Historia ya njia kati ya pwani na bara iliandikwa kwa mabega. Katika karne ya 19 misafara ilikwenda na kurudi kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na waya wa shaba vilipanda bara. Punda na ng'ombe walikufa njiani kwa mbung'o, hivyo kila kitu kilisafiri juu ya mtu. Mpagazi alibeba takriban kilo 30, kwa miezi. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo mpaka ikazaliwa methali: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Siku hizi tunaitamka kana kwamba inasifu misuli tu. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mfanyakazi wa ujira. Alipatana malipo, posho na uzito kabla ya kuondoka, na aliyetaka kumzidishia katikati ya safari aligundua haraka kwamba mzigo unaweza kuwekwa chini na msafara mzima ukasimama. Ustadi wake ulikuwa na sehemu mbili, na methali imehifadhi moja.

Jina la Bagamoyo lenyewe wengi hulieleza kuwa ni bwaga moyo, na kuna maelezo mawili yanayovutana. La kwanza ni la mpagazi aliyefika pwani salama, akatua mzigo na moyo ukapumzika. La pili ni la mtumwa aliyefika palepale, akaona bahari na kujua kwamba hatarudi, akauacha moyo wake ufukweni. Njia ni ileile, jua ni lilelile, hata uzito huenda ulikuwa uleule. Mmoja alijitwika, mwingine alitwikwa. Sijapata mfano unaoonyesha tofauti hiyo kwa ukali kuliko huu.

Vita Kuu ya Kwanza ilirudia jambo hilo kwa kiwango cha kutisha. Majeshi ya kikoloni yaliyopigana Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918 yalikokota wanaume wa vijijini kubeba risasi na chakula, na makumi ya maelfu wao walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kambi zao zilituachia majina ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi, Kiswahili cha jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps. Tunanunua vitunguu na vitenge hapo kila siku.

Aliyetwikwa bila hiari hakosi nguvu. Anakosa mambo ambayo mzizi wa h-m-l unayachukulia kuwa ya kawaida: kujua uzito, kujua mwisho wa safari, na haki ya kusema mzigo huu umezidi. Qurani yenyewe inautumia mzizi huo katika dua inayofunga sura ya Al-Baqara, aya ya 286, ambayo Waislamu wengi wa pwani wameihifadhi tangu chuoni, yaani madrasa. Muumini anamwomba Mola wake asimbebeshe asichokiweza, na kitenzi cha kubebesha hapo kinatoka kwenye h-m-l. Aya hiyohiyo inaanza kwa kusema kwamba Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo mipaka ya mzigo imo ndani ya ukoo wa neno tangu zamani, na kuiomba ni ibada. Wala si dalili ya imani haba.

Shubiri

Subira ina picha nyingine kabisa. Mzizi wake ni s-b-r, na wataalamu wa zamani wa lugha ya Kiarabu walieleza kuwa maana yake ya msingi ni kufunga na kuzuia, kumshikilia kiumbe mahali asitoroke. Mateka aliyefungwa ndiye aliyekuwa katika hali hiyo. Dini ilipolichukua neno ililigeuza lielekee ndani: mwenye subira ni yule anayejifunga mwenyewe, anayeizuia nafsi yake isikimbie na mkono wake usitende la kujutia. Ramadhani inaitwa mwezi wa subira, na Kiswahili, bila kuambiwa, kiliita ibada ya mwezi huo kufunga.

Mzizi huohuo ulitoa pia jina la mmea. Kwa Kiarabu mmea wenye majani mazito na utomvu mchungu unaitwa kwa jina linalokaribiana sana na subira, na Kiswahili kikalipokea kama shubiri au subili. Kata jani la shubiri ulishike wima: chini kidogo ya ganda unatiririka utomvu wa manjano, na huo ndio wenye uchungu unaobaki ulimini hata ukisukutua. Ute mweupe wa katikati, ule unaopakwa kwenye ngozi iliyoungua, hauna ladha ya kutisha. Mama anayemwachisha mtoto ziwa hupaka ule wa manjano kwenye chuchu. Mtoto anaonja mara moja, anakunja uso, na kesho hasogei. Utomvu wa shubiri uliokaushwa ulikuwa bidhaa ya kale katika Bahari ya Hindi, na uliosifika zaidi ulitoka kisiwa cha Socotra, kilicho karibu na njia ya majahazi yaliyounganisha Uarabuni na pwani yetu.

Washairi wa Kiarabu waliutumia ukaribu wa maneno hayo mawili. Ubeti mmoja maarufu unasema subira ni kama jina lake, chungu kuionja, lakini mwisho wake ni mtamu kuliko asali. Kiswahili kiliuhifadhi upande wa utamu katika methali zake: subira yavuta heri, subira ni ufunguo wa faraja, hii ya pili ikiwa tafsiri ya moja kwa moja ya msemo wa Kiarabu. Upande wa uchungu ukabaki kwenye shubiri peke yake, katika misemo kama "maisha yamekuwa shubiri". Tumetenganisha mapacha. Matokeo yake ni kwamba tunaitaja subira kana kwamba ni kitu laini, baridi, cha kumfariji mtu, wakati walioliunda neno walijua kuwa linachoma koo.

Kosa kubwa zaidi liko msibani. Mjane analia, na mtu anamwinamia: "Usilie, kuwa na subira." Anayesema hivyo ana nia njema, lakini mapokeo yanayotupa neno hilo hayamuungi mkono. Nabii Yakubu katika Qurani, alipoletewa kanzu ya Yusufu yenye damu, alisema neno lake ni subira njema. Sura hiyohiyo inaeleza kwamba alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa machozi, na alipoulizwa akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Subira ilikuwa pale, na machozi yalikuwa pale.

Na mwangalie Ayubu, ambaye Waislamu na Wakristo wote humtaja kuwa kielelezo. Utenzi wa Ayubu ni miongoni mwa tenzi za kale za Kiswahili, na Waraka wa Yakobo katika Biblia unawakumbusha wasomaji habari ya uvumilivu wake. Kila mtu anakumbuka kwamba alivumilia. Wachache wanakumbuka kwamba sura ya tatu ya kitabu chake inaanza kwa yeye kuilaani siku aliyozaliwa, na kwamba kwa sura nyingi baada ya hapo analalamika, anahoji, anadai jibu, huku marafiki zake ndio wanaomtaka anyamaze. Katika Qurani naye anamlilia Mola wake kwamba madhara yamempata, na bado mahali pengine anasifiwa kuwa alikutwa mwenye kusubiri. Yeyote anayemtumia Ayubu kumzibia mtu mdomo hajamsoma Ayubu.

Siku hizi kitenzi kusubiri kimepoa. Kwa wengi wetu ni kungoja tu: unasubiri daladala, unasubiri matokeo, simu inakuambia subiri tafadhali. Tafsiri ya Biblia ya Union ilikwepa kupoa huko kwa kutumia umbo la saburi, ambalo bado lina uzito wake. Katika Warumi 5 dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo huleta tumaini. Ukiweka "kungoja" mahali pa saburi, sentensi yote inaanguka.

Vumilia

Hili ni la Kibantu, halikuvuka bahari. Lina mwisho wa -ilia tunaoujua kutoka shikilia, shindilia na pigilia, vitenzi vya jambo linaloendelea bila kuachwa: anayeshika anaweza kuachia sasa hivi, anayeshikilia hataki kuachia. Kwa sauti yake tu, vumilia ni neno la muda mrefu. Ndilo lililoenea kuliko mengine yote, kutoka Kilwa mpaka Goma, na ndilo linaloingia kwenye methali ambayo kila mtoto wa shule ameiandikia insha: mvumilivu hula mbivu.

Watafsiri wa Biblia walipofika 1 Wakorintho 13 walikuwa na kazi ngumu, na waliifanya kwa uangalifu unaostahili kuangaliwa. Aya ya nne inasema upendo huvumilia. Kigiriki kina neno la mtu asiye mwepesi wa kukasirika. Aya ya saba inafungua kwa huvumilia yote na kufunga kwa hustahimili yote. Kwa Kigiriki ni vitenzi viwili tofauti: cha kwanza kina undugu na neno la paa, yaani kufunika na kukinga, na cha pili maana yake ya neno kwa neno ni kubaki chini, kama anayebaki chini ya uzito. Watafsiri waliiweka stahimili palepale penye uzito. Mzizi wa Kiarabu wa kubeba ulikutana na kitenzi cha Kigiriki cha kubaki chini ya mzigo, ndani ya sentensi ya Kiswahili.

Aya hizo husomwa kwenye harusi nyingi za makanisani. Kisha ndoa inaanza, na neno vumilia linapata kazi nyingine. Linasemwa na shangazi, na mama mkwe, na mzee wa kanisa, na jirani, na mara nyingi mno linasemwa kwa mwanamke. Majina yanashuhudia: Subira na Vumilia ni majina tuliyowapa zaidi watoto wa kike. Mwanamke anayerudi kwao na jicho limevimba anaambiwa ndoa ndoano, vumilia, hata mimi nilivumilia. Wanaosema hivyo mara nyingi wanampenda. Wanampa walichopewa wao. Lakini kitenzi kimehama mdomo. "Nimevumilia" ni ushuhuda wa aliyebeba na ana haki ya kuutoa. "Vumilia" ni amri, na anayeitoa hashiki upande wowote wa ndoo.

Nchini Tanzania sheria iliweka mpaka hapa zamani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, na sheria hiyo inautambua ukatili kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kenya ilipitisha sheria yake ya kumlinda mtu dhidi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2015. Zaidi ya miaka 50 tangu ile ya 1971, wapo wazee wa familia ambao bado wanaamini kwamba vumilia ndiyo sheria. Ningependa kila somo anayemfunda mwari amsomee kifungu hicho kabla ya kumfundisha kupika.

Mtaani kuna jamaa zake wa vumilia. Wakenya wanasema jikaze. Vijana wa Tanzania wanasema kaza, au komaa. Hili la mwisho nalipenda, kwa kuwa kukomaa ni hali ya tunda lililofika: methali ilisema mvumilivu hula mbivu, mtaa umesema mvumilivu mwenyewe ndiye anayeiva. Jamaa mwingine ni sugu, gamba gumu la nyayo na viganja linalotokana na kusuguliwa. Lugha imelipeleka upande wa lawama: mhalifu sugu, tatizo sugu, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Ni onyo zuri. Ngozi iliyosuguliwa sana haiumii tena, lakini pia haihisi.

Muhogo, daraja na deni

Wataalamu walipohitaji neno la uwezo wa jamii kuhimili janga na kuinuka tena, walichukua ustahimilivu. Leo limejaa kwenye taarifa za mabadiliko ya tabianchi, na mwaka 2022 liliingia kwenye siasa za Tanzania kama moja ya nguzo za falsafa ya 4R, yaani maneno manne ya Kiingereza yanayoanza na R, ya Rais Samia Suluhu Hassan, pamoja na maridhiano, mageuzi na kujenga upya. Chaguo si baya. Tatizo ni kwamba stahimili inazungumzia kubeba, haizungumzii kuinuka. Jamii inaweza kusifiwa kwa ustahimilivu mwaka baada ya mwaka huku mafuriko yakipita palepale na mtaro haujachimbwa.

Wakulima wanalitumia kwa usahihi zaidi. Muhogo unastahimili ukame, na ukiutazama shambani unaona unavyofanya. Mvua ikikatika, matundu madogo ya majani hufunga ili maji yasipotee. Jua likizidi kukaza, mmea unapukutisha majani yake ya chini na kuacha machache kileleni; mgeni anaweza kudhani umekufa. Chakula kimewekwa kwenye mizizi. Mvua ikirudi, unachipua majani mapya. Muhogo haustahimili kwa kubaki na kila kitu. Unapunguza mzigo mapema, kabla haujauangusha.

Wahandisi nao hawana utani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka ukomo wa tani 56 kwa lori lote, na mizani ya barabarani ipo kwa sababu lami na daraja vina kiwango vinachoweza kuhimili. Wizara ya Fedha ya Tanzania inaposema deni la taifa ni himilivu, inataja na kipimo: thamani ya sasa ya deni ikilinganishwa na pato la taifa, dhidi ya ukomo wa asilimia 55. Unaweza kubishana na hesabu, lakini kuna hesabu. Daraja limepewa namba, deni limepewa namba. Muuguzi wa zamu ya usiku peke yake wodini, au bibi anayelea wajukuu bila kipato, amepewa pongezi ya ustahimilivu bila mtu kuuliza uzito.

Ili nisieleweke kwamba nalidharau neno, nataja mbio za Mexico City. Tarehe 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki akiiwakilisha Tanzania, katika jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Njiani alianguka, goti likateguka, bega likaumia. Walioanza walikuwa 75, 18 waliacha. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, akichechemea, mguu umefungwa bendeji, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Jibu lile lina kila kitu ambacho mzizi wa neno unadai. Alijua alichobeba, alijua aliyemtwisha, alijua mahali pa kukitua, na alikubali mwenyewe. Hapo ndipo stahimili inapong'aa, na hakuna aliyemwamuru.

Sarufi ya Kiswahili haikusahau upande wa pili. Ukiongeza -ika unapata kitenzi cha uwezekano, na mara moja unaweza kukikanusha: haivumiliki, haihimiliki, hali isiyostahimilika. Tuna pia usemi ambao magazeti yetu huutumia karibu kila wiki, "uvumilivu ukamshinda". Angalia kinachofuata baada yake. Hakifuati kilio wala kuzimia; kinafuata kitendo. Uvumilivu ukamshinda, akaenda kuripoti. Uvumilivu ukamshinda, akafungasha. Januari 1947 uvumilivu uliwashinda wafanyakazi wa Mombasa, makuli wa bandarini na watu wa reli miongoni mwao, maelfu kwa maelfu, kwa mishahara isiyotosha kodi ya chumba na chakula. Waligoma kwa karibu wiki mbili. Serikali ya kikoloni iliunda baraza la kuchunguza malipo yao, na malipo yakapanda.